Waziri wa Reli Kutoka Kurrabin

Jumapili, 15 Novemba

Serikali ya chama cha wafanyakazi imeanguka katika uchaguzi wa jana. Haikuanguka kwa kishindo. Imeanguka kama ua mbovu wa shamba, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Chama cha mjini kimepata viti vingi kuliko wengine, lakini havitoshi. Kitatawala pamoja na chama cha wakulima, au hakitatawala kabisa. Mkwe wangu, Clem Varcoe, amerudishwa bungeni kwa mara ya tatu na chama cha wakulima. Redio ilipolitaja jina lake alisema, "Haya," akatoka kwenda kupaka grisi mashine ya kuvunia.

Ninaishi na Clem na binti yangu Averil tangu nilipostaafu ukuu wa shule hapa Kurrabin. Naanza shajara hii kwa sababu nimefundisha maisha yangu yote jinsi serikali ya jimbo inavyoundwa, na sijawahi kuiona ikiundwa kwa karibu. Safari hii, kwa sehemu yake, itaundwa kwenye simu iliyotundikwa kando ya mlango wetu wa jikoni.

Jumatatu, 16 Novemba

Joto. Clem ameanza kuvuna shamba la bwawani. Ngano nzuri.

Jumatano, 18 Novemba

Averil ameagiza kofia mjini. Nilimuuliza ya nini.

"Baba, mke wa waziri hasimami mbele ya Gavana na kofia ya kanisani."

"Nani amesema Clem ni waziri?"

"Bi Pascoe."

Bi Pascoe anaendesha mitambo ya simu ya posta. Simu zote za wilaya hupita mikononi mwake, na si zote hupita bila kusikilizwa. Kwa kawaida hupata habari siku moja kabla ya gazeti, wala hajawahi kulazimika kujisahihisha kama gazeti.

Ijumaa, 20 Novemba

Niandike hesabu vizuri, maana kila kitu kitaning'inia juu yake. Sheria ya jimbo letu inaruhusu mawaziri kumi. Chama cha mjini kinadai saba na cha wakulima kitapewa watatu. Bwana Desmond Thorley wa chama cha mjini atakuwa Waziri Mkuu wa jimbo. Stuart Gilfillan, kiongozi wa wakulima, atakuwa naibu wake. Huo ni mpangilio wa kawaida na hakuna anayeugombania.

Ugomvi uko kwenye reli. Thorley alizunguka vitongoji vya mjini akiahidi kufunga njia zote ndogo za reli zinazokula fedha za umma. Gilfillan alizunguka mashambani akiahidi kwamba hakuna hata njia moja itakayofungwa. Wote wawili walishangiliwa, na sasa watakaa kwenye meza moja. Njia yetu, inayotoka njia panda ya Tullamarra hadi Kurrabin, ni miongoni mwa hizo ndogo. Ikifungwa, ngano itasafirishwa kwa lori kwenye barabara ambayo wakati wa masika huwa tope na wakati wa kiangazi huwa mashimo. Wenye mashamba makubwa watavumilia. Wadogo watauza. Shule niliyoiongoza itabaki na watoto wa kujaza chumba kimoja.

Jumapili, 22 Novemba

Gilfillan alikuja mwenyewe baada ya ibada, na gari lake jeusi limejaa vumbi hadi kwenye vioo. Nilimfundisha huyu. Alikuwa mtoto mwepesi wa kuelewa, mwenye mwandiko mzuri, na nimekuwa nikijivunia kupanda kwake.

Tulikaa barazani. Alikunywa chai, akaisifu keki ya Averil, kisha akamgeukia Clem.

"Nimekupigania, Clem. Nimekupatia Reli."

Averil alishika mdomo. Clem aliendelea kukwangua kwa ukucha mguu wa meza uliobanduka rangi.

"Nani alitaka Reli?" akauliza.

"Kila mtu anataka Reli! Mtu wetu, pale pale mlangoni! Nani atagusa njia ya Kurrabin wakati waziri analala Kurrabin?"

"Na wewe umechukua nini?"

"Kilimo. Na unaibu, bila shaka."

"Na Maji?"

"Maji amepewa Norrie Best. Bwana wee, acha kunihoji kama polisi. Sema asante."

"Asante," Clem alisema. "Lakini unajua utaratibu. Tawi halijaketi."

Gilfillan alicheka kwa unyonge. Anaujua vizuri. Katika chama chao mbunge haingii kwenye baraza la mawaziri mpaka tawi la kwao limridhie kwa mkutano. Ni utaratibu wa tangu enzi za waanzilishi, ambao hawakumwamini mtu yeyote aliyevaa tai. Na Kurrabin tuna utaratibu wetu mwingine juu ya huo, ambao haujaandikwa popote: wakati wa mavuno, mkutano hauitwi siku ya jua. Ngano kavu haimngojei mtu. Siku ya jua mwenyekiti akipiga kengele ya ukumbi, atakaa peke yake na kengele yake.

"Gavana anataka kuapisha watu tarehe nne," Gilfillan alisema.

"Basi mwambie Gavana aombe mvua," Clem akajibu.

Jumatatu, 23 Novemba

Jua.

Jumanne, 24 Novemba

Jua. Thorley amepiga simu kutoka mjini. Clem alikuwa shambani, nikaipokea mimi.

"Nani mwenzangu?"

"Baba mkwe wake. Yuko kwenye mashine."

"Mwite basi, mzee. Ni Waziri Mkuu mteule."

"Yuko maili mbili kutoka hapa, bwana, na mashine haisikii."

Kisha akauliza kwa upole uliomgharimu, "Mkutano wao ni lini?"

"Mvua ikinyesha."

"Na itanyesha lini?"

Nilimweleza kwamba ndiyo sababu watu wa huku huenda kanisani. Hakucheka. Bi Pascoe alicheka, nilimsikia.

Alhamisi, 26 Novemba

Joto kali, upepo kutoka kaskazini. Horrie Plunkett, mwenyekiti wa tawi, alipita kuazima mkanda wa mashine. Ni mtu mnene mwenye sauti ya kuita mbwa. Ana ngano nyingi kuliko wote upande wa mashariki, na ardhi yake huchelewa kuivisha, kwa hiyo yeye huwa wa mwisho kuvuna.

"Mwalimu! Hujambo? Yuko wapi mheshimiwa?"

"Hajawa mheshimiwa bado."

"Atakuwa! Waziri wa Reli kutoka Kurrabin! Baba yangu angefufuka acheze. Nataka nimwone yule stesheni masta wa Tullamarra akimpigia Clem saluti." Akasogea karibu. "Ila mvua isije wiki hii, Mwalimu. Wiki ijayo, sawa. Ngano yangu bado iko nje."

Hivyo ndivyo watu wanavyoiombea serikali yao hapa. Wanaitaka, lakini baada ya shamba la mashariki.

Jumamosi, 28 Novemba

Kofia imefika kwa treni. Ya rangi ya samawati, ina unyoya. Averil aliivaa jikoni, akaivua, akairudisha kwenye boksi lake kama yai.

Jumapili, 29 Novemba

Leo Clem alikuja kukaa nami barazani, jambo asilolifanya mara nyingi. Kwa miaka yote nimemhesabu kuwa mtu mwema, mzito kidogo, anayependa bunge kwa sababu linampa safari za mjini. Aliniuliza swali kama mwanafunzi.

"Baba, nieleze hili. Baraza la mawaziri likipiga kura, nikashindwa, inakuwaje?"

Nilifurahi, hakuna kitu ninachopenda kama swali. Nilimweleza kwamba baraza ni mwili mmoja. Ndani mnaweza kupigana mpaka meza ivunjike, lakini mkitoka nje kila waziri husimama na uamuzi uliopita, huutetea bungeni, na huupigia kura kana kwamba ndiye aliyeutunga. Asiyeweza, hujiuzulu.

"Na wao ni saba, sisi watatu."

"Ndiyo."

"Na reli iliyojengwa kwa sheria..."

"Hufungwa kwa sheria tu. Lazima muswada upite bungeni, na waziri anayeuwasilisha kwa jina lake ni Waziri wa Reli."

Kwa mbali kondoo walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Serikali ina wingi wa kura ngapi, baba?"

"Ukimtoa Spika, moja."

"Moja," alisema. Akainuka, akaenda kuangalia magurudumu ya mashine.

Sikumshauri. Hakuniomba ushauri, aliniomba maelezo, na hayo ni mambo mawili. Lakini baada ya yeye kuondoka nilibaki na hesabu mbele yangu, na sikuipenda sura yake. Thorley anahitaji mtu wa mashambani wa kuweka sahihi, ili lawama iwe ya mashambani. Na anaihitaji ile kura moja ifungwe ndani ya baraza isiweze kutembea. Kiti kimoja kinampa vyote viwili. Stuart Gilfillan hawezi kuwa hakuliona hili. Alikuwa mtoto mwepesi wa kuelewa.

Jumatatu, 30 Novemba

Mawingu magharibi alasiri. Yametawanyika.

Jumanne, 1 Desemba

Gilfillan amepiga simu mara tatu. Gavana hatasogeza tarehe. Clem anavuna.

Jumatano, 2 Desemba

Mvua.

Ilianza alfajiri, matone makubwa yaliyotengana, kisha ikaunganika. Saa mbili asubuhi bati lilikuwa linanguruma. Clem alisimama mlangoni na kikombe chake. Yetu karibu yote imeshaingia ghalani. Ya Horrie bado imesimama. Saa tatu kengele ya ukumbi ililia.

Nitaandika kwa urefu, kwa kuwa sidhani kama mwandishi wa kumbukumbu za tawi ataandika hivi.

Ukumbi ulijaa. Wanaume walikuwa na makoti yaliyolowa na nyuso za watu waliofiwa, maana ngano iliyokomaa ikinyeshewa huchipua ikiwa bado kwenye shuke, na hapo bei yake ni ya chakula cha nguruwe. Wanawake walikuwa nyuma na birika zao kubwa. Mvua ilipiga paa kiasi kwamba kila msemaji alilazimika kupayuka, hivyo hata maneno ya adabu yalisikika kama matusi.

Horrie alisimama. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye ukingo wa kofia.

"Jamani! Mimi ngano yangu inaoga huko nje, kwa hiyo sina hotuba! Tunamtaka Clem awe Waziri wa Reli au hatumtaki?"

"Tunamtaka!"

"Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Watu walipiga miguu sakafuni. Mtu mmoja alipaza sauti, "Clem, utuletee behewa lenye kiti cha kulalia!" Wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Averil alikuwa kando ya birika, na uso wake uling'aa.

Clem alipanda jukwaani. Si msemaji. Alingoja mvua ipungue, haikupungua, akaanza.

"Nashukuru. Sitakichukua kiti."

Waliokuwa nyuma walidhani hawakusikia. Wa mbele walidhani hivyo hivyo.

"Sema tena!" Horrie aliita.

"Sikichukui kiti. Thorley anataka kuifunga njia hii. Wao ni saba mezani. Watapiga kura, nitashindwa, kisha mimi ndiye nitakayesimama bungeni na kuwaambieni inafungwa. Kwa jina langu. Mnaelewa?"

"Si utakataa!"

"Waziri hakatai, Horrie. Waziri anakubali au anatoka."

"Basi utatoka!"

"Baada ya muswada kuwa na jina langu juu yake? Nikitoka hapo nitakuwa msaliti mara mbili, kwao na kwenu. Nikibaki nyuma, kwenye benchi la kawaida, hakuna anayeniamrisha nipige kura vipi. Chama chetu hakimfungi mbunge wa kawaida, mnajua hilo. Na serikali hii ina wingi wa kura moja. Hiyo moja ni yangu. Mimi nikivuka chumba kwenda upande wa pili, muswada umekufa."

Hoja yake ilikuwa sahihi kabisa. Nimesahihisha karatasi nyingi za somo hili na nisingepata pa kuweka alama nyekundu. Lakini niliangalia nyuso, nikaona kwamba hakuna aliyeisikia. Walikuwa wamelowa, wamepoteza ngano, na sasa mtu alikuwa anawanyang'anya kitu pekee kizuri kilichokuja na mvua.

"Unaogopa kazi!" sauti ilisema.

"Babu yako alivunja mawe ya reli hii, Varcoe!" ikasema nyingine.

Mzee mmoja niliyewahi kuketi naye kwenye kamati ya shule alinigeukia. "Mwalimu, mweleze mkweo. Wilaya nyingine zinalilia waziri, sisi tunampata tunamtupa?"

Nilisimama nikawaeleza: baraza ni mwili mmoja, sheria ya kufunga, kura moja. Nilieleza polepole, kama ninavyojua. Horrie alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Asante, Mwalimu. Mimi sikuelewa kitu, ila naona ni mambo ya familia." Ukumbi ukacheka, si kicheko kizuri.

Walipiga kura ya kumlaumu Clem. Ilipita. Chai ilipoletwa, hakuna aliyempa kikombe isipokuwa Averil. Alikijaza mpaka ukingoni, akakiweka mkononi mwake mbele ya watu wote, akasimama kando yake. Kisha wawili hao wakaenda nyumbani, nami nikawafuata.

Njiani Averil alisema jambo moja tu. "Ungeniambia kabla sijaagiza kofia."

"Ningekuambia," Clem alisema, "ungeniomba nisifanye."

"Ningekuomba," akakubali.

Alhamisi, 3 Desemba

Mvua imekatika. Gilfillan kwenye simu. Sauti yake ilisikika mpaka barazani.

"Umenivua nguo, Clem! Mbele ya Thorley!"

"Ulikuwa umevaa, Stuart?"

Clem akatundika simu taratibu. Baadaye Bi Pascoe alipiga kusema kwamba laini ilikatika yenyewe, kama kuna atakayeuliza.

Ijumaa, 4 Desemba

Wameapishwa. Tulisikiliza redio. Majina kumi yalisomwa kwa mpangilio wa ukubwa, Thorley, Gilfillan, na wengine. Reli amepewa Leith Mackellar, mbunge mwingine wa chama cha wakulima, mfuga kondoo wa nyanda za juu, ambako hakuna reli hata moja ya kufunga wala ya kufungua. Averil alikuwa anakanda unga. Jina la Mackellar liliposomwa aliugeuza ule unga, akaupiga mezani, akaendelea.

Jumapili, 6 Desemba

Alivaa kofia ya samawati kanisani. Hakuna aliyemsemesha. Aliimba nyimbo zote.

Jumatano, 9 Desemba

Horrie amevuna kilichobaki. Chakula cha nguruwe, karibu nusu yake. Clem alipeleka mashine yetu kumsaidia bila kuombwa. Horrie alimwonyesha kwa kidole pa kuanzia, basi.

Jumatatu, 14 Desemba

Joto. Hakuna jipya.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Tulikuwa watatu tu mezani. Miaka mingine huwa tunaweka meza mbili. Bata alikuwa mgumu. Clem alisema ni kosa la serikali, tukacheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe.

Jumanne, 12 Januari

Magazeti yanasema baraza limekubaliana kwa kauli moja kufunga njia ndogo tano, pamoja na ya Kurrabin. Kauli moja. Nilimwekea Clem gazeti mezani. Gilfillan amenukuliwa akisema ni uamuzi mgumu lakini wa lazima. Nilimfundisha kuandika sentensi fupi. Hiyo ni yake kweli.

Jumamosi, 16 Januari

Leith Mackellar alikuja mwenyewe, na gari la serikali. Ni mtu mrefu, mwenye haya, mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi. Clem alikuwa chini ya trela, akatoka nusu.

"Bwana Varcoe, nakuja kwako kama mwenzangu."

"Karibu. Nipe hiyo spana."

Waziri wa Reli akampa spana.

"Muswada unaingia Februari," alisema. "Nataka kujua utapiga kura vipi."

"Una njia ngapi ndani?"

"Tano."

"Nitapinga zote tano."

"Kurrabin naweza kuitoa. Kwa siri, nimeruhusiwa kusema hivyo. Zibaki nne."

Clem alikaa kitako kwenye vumbi na kufikiri. Mimi nilikuwa barazani, na nakiri niliacha kupumua. Ingetosha kusema ndiyo.

"Hao wa njia nne wana mbunge gani bila kamba shingoni?" akauliza.

Mackellar aligeuka kulitazama gari lake.

"Basi ni zote tano, bwana. Kunywa chai kabla hujaondoka, barabara ni mbaya. Utaihisi zaidi ukiwa kwenye lori la ngano."

Mackellar alikunywa chai. Alipokuwa akiondoka alimwambia Averil kwamba angetamani kuwa mbunge wa kawaida tena. Averil akamwambia ni kazi nzuri, ila haina kofia.

Alhamisi, 11 Februari

Muswada haukuwasilishwa. Bi Pascoe ndiye aliyetuambia. Kesho gazeti litathibitisha. Serikali inasema inataka kulitafakari suala hilo zaidi. Nimewafundisha watoto wengi maana ya maneno hayo: wamehesabu, wakapungukiwa.

Mjini Kurrabin hakuna aliyeshangilia. Watu wanasema Mackellar ni mtu wa maana, ametuhurumia.

Jumanne, 16 Februari

Treni ya mwisho ya ngano ya msimu. Nilitembea hadi stesheni kuiona ikipakiwa, kama nilivyofanya kila mwaka. Clem alikuwa amepanda juu ya behewa na koleo, akisawazisha. Horrie Plunkett alileta mzigo wake wa mwisho, ile nusu nzuri, akaimwaga kwenye behewa lile lile. Hawajasemezana tangu Desemba, zaidi ya kuonyeshana kwa kidole.

Injini ilikuwa imechelewa kutoka Tullamarra, karibu saa nzima. Horrie alikaa kivulini kando yangu, akafuta jasho, akatazama njia iliyonyooka mpaka upeo wa macho ambako bado hakukuwa na moshi.

"Unaona, Mwalimu?" alisema kwa uchungu. "Tungekuwa na waziri wetu, ingewahi."

Kule juu Clem alisikia. Aliegemea koleo lake, akatazama njia naye, akasema, "Itakuja, Horrie."

Ikaja.